Mwalimu wa Umeme na Mayai ya Nanganga

Ukiuliza habari za Mwalimu wa Umeme hapa Nachingwea, kitu cha kwanza utakachoambiwa ni kwamba alichemsha mayai ya akina mama wa Nanganga. Ni kweli, mayai yalichemka. Lakini mimi niliyekaa naye dukani kwangu miaka yote ile naona ni uonevu kumwanza mtu kwa mayai, kwa hiyo nitaanza na mlango.

Mwalimu hakuweza kukaa kwenye chumba ambacho mlango wake umeachwa wazi. Duka langu ni la steshenari: kopi, kuprinti, picha za pasipoti, na kompyuta mbili za kukodisha. Liko upande wa jua, juu bati tupu, na mwezi wa Oktoba humo ndani unaweza kuoka muhogo. Mimi nafungua mlango tupate hewa. Yeye anainuka, anaufunga, anarudi kukaa. Wateja wanafika, wanakuta kumefungwa, wanakwenda kwa jirani. Nilimgombeza mpaka nikachoka. Siku moja nikamwambia, "Mwalimu, hili ni duka, si jokofu." Akanijibu kwa ule upole wake wa kuudhi, "Mwanangu, aliyeingia wa mwisho kaacha kazi nusu." Mwishowe niliung'oa mlango na bawaba zake, nikaweka pazia. Kesho yake alikuja na vibanio vya nguo mfukoni, akalibana pazia kutoka juu mpaka chini.

Alikuwa amefundisha umeme chuo cha ufundi mpaka akastaafu. Watu walitegemea atahamia kwenye korosho kama wastaafu wenzake. Alijaribu msimu mmoja, mikorosho ikampuuza, naye akarudi kwenye vidude vyake. Nasema vidude kwa sababu sikuwa na jina jingine. Yeye aliviita chipu: vyeusi, vidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, vina miguu pande zote. Ukikipa maagizo, kidude hicho kinajua lini kiwashe pampu na lini kizime taa. Maagizo yanatoka kwenye kompyuta kwa waya, na kuna programu maalumu ya kuyapeleka. Programu hiyo ni ya bure. Wameitengeneza watu wa nchi mbalimbali wasiojuana hata sura, na kitabu cha maelekezo yake kiko mtandaoni, na mwanzoni kimeandikwa kwamba mtu yeyote akiona kosa anakaribishwa kupeleka sahihisho. Wengine wote duniani walilisoma neno "yeyote" wakapita. Mwalimu wa Umeme alilisoma akajua ameitwa yeye.

Kazi aliyojipa naieleza kama nilivyoielewa, na sikuielewa upesi. Kitabu kile kinaandikwa kwa maneno yaliyochanganywa na alama ambazo msomaji hazioni. Ukitaka neno liwe jeusi zaidi, unafungua mabano, yale yenye kiuno, unaandika neno lako, unayafunga. Ukisahau kuyafunga, kompyuta haijui kwamba umemaliza. Inaendelea tu, na weusi wa neno moja unakuwa weusi wa sura nzima. Aliwahi kunionyesha ukurasa ambao herufi zote zimelala upande toka juu hadi chini, kwa sababu mtu mmoja huko alikokuwa alifungua alama kisha akaitwa kula.

"Kompyuta haina haya," alipenda kuniambia. "Mtu ukimwachia mlango wazi atapiga hodi. Hii inaingia mpaka chumbani."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake toka asubuhi mpaka adhuhuri, bila kutumwa na bila shukrani. Programu yenyewe hakuigusa. Aliwinda alama zilizoachwa wazi, anazifunga, anapeleka sahihisho kwa wenye kitabu, anasubiri walipokee. Likipokelewa anaagiza chai. Lisipopokelewa anaagiza chai vilevile, ila hainywi.

Ugonjwa ule hakuuacha dukani. Diwani mmoja alisimama kwenye mkutano wa mtaa akasema ana mambo matatu ya kutueleza. Akaeleza mawili, watu wakapiga makofi, akaketi. Mwalimu alimfuata hadi kwenye pikipiki. Kesho yake alimfuata ofisini. Jumapili alimfuata nyumbani wakati wa chakula, akakaribishwa, akala, kisha akauliza, "Mheshimiwa, na la tatu?" Diwani hakulikumbuka la tatu, na nadhani halikuwahi kuwapo. Kwa kutaka kula wali wake kwa amani akasema la tatu ni kalavati. Ndiyo maana mtaa wetu una kalavati, ingawa hatuna mto wala mfereji wa kupita chini yake.

Kuna siku alikwenda Ruangwa kutazama mpira. Mechi ilikuwa kali, timu ya nyumbani ikapata bao mwishoni kabisa, na kelele za watu zikaifunika filimbi ya mwisho. Watu walitoka wakiimba. Mwalimu alibaki amekaa peke yake jukwaani, kwa sababu kwa upande wake mechi ilikuwa haijafungwa. Mlinzi akamwambia, "Mzee, mpira umekwisha." Akajibu kwamba hakatai, ila hajasikia. Mlinzi yule alikuwa mtu mwenye akili nyingi au mwenye njaa nyingi, maana alienda kuazima filimbi, akasimama katikati ya uwanja mtupu, akapuliza mara tatu. Mwalimu akamshukuru, akaondoka.

Sasa, usije ukadhani mtu huyu kwake kulikuwa kumenyooka. Redio yake haikuwa na mfuniko wa betri. Chupa yake ya chai ilipoteza kizibo, akaweka gunzi la hindi. Hadithi zake mwenyewe hazikuwa na mwisho hata moja. Alianza kunieleza jinsi alivyomwoa mkewe na mpaka leo sijui kama mahari ilikubaliwa. Mkewe, mama mpole ambaye ucheshi wake ulikuwa na wembe ndani, alipita dukani siku moja kumtafuta. "Mwambie," alisema, "akimaliza kufunga mabano ya Wazungu, mbuzi wake wako barabarani. Zizi liko wazi toka juzi." Nilimfikishia. Mwalimu alisikitika sana, akasema ataliangalia, akaendelea na ukurasa.

Nilimpenda yule mzee. Nasema wazi, kwa kuwa hapo juu nimemsema sana.

Na sasa mayai. Kikundi cha akina mama wa Nanganga kilitaka kufuga kuku kwa wingi, na kikamwomba Mwalimu awatengenezee mashine ya kutotolesha vifaranga. Alitengeneza sanduku la mbao, ndani taa za kutia joto, na chipu ya kuziongoza. Waya mmoja wenye kipimajoto kwenye ncha uliingia ndani kupitia kidirisha cha pembeni. Joto likipungua, chipu inawasha taa. Joto likitosha, inazizima. Kila mama alileta mayai ya kuku wake na kuyawekea alama ya mkaa, huyu nukta, huyu msalaba, huyu mistari, ili kifaranga kikitoka kijulikane ni cha nani. Hakuna aliyeuliza kifaranga kitatokaje na alama iliyobaki kwenye ganda. Mayai yaliwekwa jioni, kwenye baridi la Juni, na uzinduzi ukapangwa asubuhi.

Asubuhi hiyo nilikuwapo, nilialikwa kupiga picha. Mgeni rasmi alikaa mbele. Mwalimu akachukua yai ili amwonyeshe jinsi linavyokaguliwa kwa tochi. Mwanga haukupita. Akachukua jingine, haukupita. Akalivunja kwenye ukingo wa meza, na likatoka zima, gumu, linafuka moshi. Mgeni rasmi alikuwa mtu wa heshima zake na hotuba ameshaiandaa, akaomba chumvi. Alikula lile lenye nukta, na mwenye nukta akaanza kulia papo hapo.

Mwalimu alizima mashine, akatoa mayai yote, akaifunga ilivyo kwa kamba nyuma ya bodaboda, akaondoka. Siku zile zilimuumiza. Mjini watoto walimwita Mzee Mayai, na vijana wa kijiweni walimuuliza kama anauza na kachumbari. Miaka yote alikuwa mtu ambaye jina lake likitajwa watu wanasema, huyo ndiye aliyetufundisha. Sasa likitajwa watu walicheka, na yeye alikuwa akisikia.

Kisha akaja dukani mbio, sijawahi kumwona akikimbia. Amepata sababu. Kwenye kitabu cha programu ile, sehemu inayohusu chipu na taratibu zake, kulikuwa na onyo. Mtu alikuwa amefungua alama juu yake bila kuifunga, na onyo lote lilikuwa limemezwa na mfano uliotangulia, maneno yamebanana, mengine yametoka nje ya ukurasa. Lilisomeka vipande vipande: usiweke, joto, hatari. "Unaona?" aliniambia. "Walinionya, na onyo halikunifikia." Nikaprinti ukurasa ule na tukaupeleka Nanganga.

Akina mama walimsikiliza, na walimwamini. Mwenyekiti wao, mama mtu mzima anayelima ufuta na korosho, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde, aliushika ukurasa akaugeuza upande wa pili kuona kama mkosaji amejificha huko.

"Huyo nzungu aliyeacha wazi ni nani?" aliuliza.

"Hajulikani, Mwenyekiti. Wanaandika wengi."

"Ana mama yake?"

"Nadhani anaye."

"Basi mama yake asije kutulaumu. Tunamsomea halbadiri."

Kwa asiyejua, halbadiri ni kisomo anachosomewa mkosaji aliyejificha, na watu wa huku wanakiogopa kuliko polisi. Lakini hakisomwi kwa kushtukiza. Desturi ni kutangaza kwanza, ili mkosaji apewe muda ajitokeze. Akijitokeza mwenyewe, mambo yanamalizwa kwa mazungumzo. Wenzao Wakristo wa parokiani walisema kisomo si chao, ila wao watafunga na kusali ili Mzungu aguswe moyo. Wakakubaliana aguswe kwanza. Korosho zikianza kuanguka naye hajaguswa, Waislamu wasome halbadiri yao. Na kazi ya kupeleka tangazo akapewa Mwalimu, kwa kuwa ndiye anayejua kwao.

Njiani alikuwa hana raha. "Mimi siamini mambo hayo," aliniambia. Baada ya kilomita kadhaa akasema, "Lakini na huko ng'ambo kuna watu wana watoto." Usimwone mjinga. Alikuwa anatafuta kusafisha jina lake, na sasa maisha ya mtu asiyemjua yalikuwa yamening'inia kwenye jina hilo.

Akapeleka sahihisho. Kwa Kiingereza chake cha chuoni aliandika kwamba alama ifungwe mahali fulani, na kwamba kwa faida ya afya ya mhusika ingefaa jambo hili lisichelewe. Wiki zikapita. Jibu lilipokuja lilikuwa la adabu sana: wanashukuru, ila mwisho wa mstari mmoja kuna nafasi tupu iliyoachwa kimakosa, aiondoe apeleke upya. Wakaongeza kwamba sehemu ya afya hawakuielewa. Mwalimu aliisoma ile nafasi tupu kama hukumu. Yeye, katika watu wote, ameacha nafasi tupu! Alikaa nyumbani siku mbili na mkewe akaniambia amegoma kula. Akapeleka upya. Wakamwambia aligawe sahihisho mara mbili. Akaligawa. Wakanyamaza.

Wakati huo Mwenyekiti alikuwa ananipigia simu mimi, kila siku ya mnada. Hakusalimia. "Kaguswa?" anauliza. Namwambia bado, mama. "Haya. Korosho zinatoa maua." Korosho zikaanguka, Mwalimu akaenda kuomba muda, akapewa hadi ufuta. Ufuta ukavunwa, akaenda tena, akapewa hadi korosho nyingine. Wale wa parokiani walisema nao wamekonda.

Asubuhi moja sahihisho likapokelewa. Mwalimu alilala kifudifudi juu ya kibodi yangu, skrini ikajaa herufi moja. Aliagiza sambusa za duka zima, mpaka aliyekuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa akala. Nikampigia Mwenyekiti, nikamwambia kaguswa, nikasikia vigelegele vya watu wengi upande wa pili. Mwalimu alipomaliza kuwagawia watu aliketi kuufungua ukurasa wenyewe, mzima, onyo likiwa kwenye kisanduku chake. Akalisoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Mwanangu," akasema, "hebu nisomee wewe."

Nikasoma. Onyo lilikuwa linahusu aina nyingine ya chipu, kubwa, ambayo Mwalimu hakuitumia wala hajawahi kuimiliki. Halikuhusiana kabisa na mashine ya Nanganga. Mzee alitoka nje bila kugusa pazia.

Kesho yake alikuja na sanduku lenyewe. Tangu siku ya uzinduzi lilikuwa chini ya kitanda chake, limefungwa vilevile kwa kamba, kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kulichunguza; sababu ilikuwa imeshapatikana. Aliliweka mezani akanionyesha upande. Kile kidirisha kilikuwa kimefungwa kwa gundi ya karatasi, pembe zote nne, vizuri kabisa. Na kipimajoto kilikuwa nje. Kilikuwa kimebandikwa nadhifu ubavuni mwa sanduku, kinapima baridi la chumba, na chipu ya watu usiku kucha ilikuwa inaambiwa mayai yanaganda.

"Jioni ile nilikikuta kidirisha kiko wazi nusu, waya umepita hapo," alisema. "Nikauchomoa, nikakifunga."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika ukuta, halafu nikauona uso wake nikanyamaza. Nikamshauri kama mtu ninayempenda: aache. Ukurasa umetengenezwa, akina mama wanapiga vigelegele, jina lake limesafika, ya nini kulichafua tena? Tungeitia mashine kipimajoto ndani, tukasema sasa imepona, na nani angejua?

"Tangazo nilipeleka mimi," alisema. "Mkosaji anatafutwa zaidi ya mwaka mzima, mwanangu. Mimi namwombea muda, kumbe najiombea mwenyewe."

Tulikwenda Nanganga na bodaboda mbili, yeye na sanduku lake mbele, mimi nyuma. Walikuwa wametandika mikeka na kupika pilau ya kumshukuru Mzungu. Mwalimu hakukubali kuketi. Alivua viatu, akavishika mkononi, akawaambia yote akiwa amesimama: kidirisha, gundi, kipimajoto. Hakujitetea hata kidogo. Aliposema "mayai yenu niliyachemsha mimi," alirudia ili wa nyuma wasikie.

Mama mmoja alicheka ndani ya kanga, akapigwa kiwiko. Mmoja wa parokiani akauliza, "Na yule Mzungu tuliyemfungia?"

"Alama aliiacha wazi kweli," Mwalimu akasema. "Ila mayai hakuyagusa."

Mwenyekiti akamnyooshea kidole. "Kwa hiyo ntu mwenyewe ni wewe."

"Ni mimi."

"Nani kakutaja?"

"Hakuna. Nimekuja tu."

Mwenyekiti akawageukia wenzake. "Mmesikia wote. Kajitokeza." Akainuka akaingia ndani, na Mwalimu akaketi pale pale chini, nje ya mkeka, viatu bado mkononi. Baadaye aliniambia alidhani amekwenda kumwita shehe.

Alitoka na ungo. Ulikuwa umejaa mayai, nayo yameshawekewa alama za mkaa, nukta, msalaba, mistari. Walikuwa wameyaandaa kwa ajili ya siku Mzungu atakapoguswa. Akapiga magoti, akamwekea mzee ule ungo mapajani, akamtoa viatu mkononi ili aushike vizuri.

"Weka tena," akasema. "Ila kidirisha tutafunga sisi."

Mwalimu wa Umeme alilia mbele ya akina mama wote, mikono yote miwili imeushika ungo, hana hata wa kujifutia.